Ukucha Ulipokataa Kuingia

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema hili mapema ili usije ukanisifu huko mbele. Naishi Magarama, mjini Gitega, na meza yangu ya kutengenezea redio iko chini ya dirisha. Kutoka mezani hadi kitandani ni hatua tano, na mke wangu husema kama ningeweza ningezifanya nne. Anayetoka ni yeye. Anauza vitenge sokoni, anajua habari za mji mzima, na akirudi jioni anakuta nimepika. Naam, mwanamume aliyemaliza sekondari anakoroga maharage. Majirani walinicheka mpaka wakachoka, na siku hizi wanakuja kuniuliza kwa nini mchuzi wao ni mchungu.

Basi mtu kama huyo ukimpigia simu na kumwambia aende Muyinga, ni kama umemwambia aende mwezini. Aliyepiga ni jirani wa mama yangu, mwanamke Mwislamu anayeshona nguo barazani kwake, ukuta kwa ukuta na mama. Hakuzunguka.

"We papa, mama yako hakuli," alisema. "Mi naenda kumuona asubuhi, naenda jioni. Bon, sahani iko pale pale vile nilikiacha. Anakunywa chai tu. Kuja."

"Tangu lini?"

"Unaniuliza mi tangu lini? We ndiyo mtoto wake, quoi."

Niliiacha redio ya watu ikiwa bado tumbo wazi, nikaondoka.

Baba yetu alikuwa amefariki mvua zikiwa katikati. Baada ya mazishi mama alipata homa, akatibiwa, homa ikaondoka. Hamu ya kula haikurudi. Nilipomwona kitandani nilidhani jirani amemfunika mtoto. Mama yangu alikuwa mwanamke wa kubeba gunia la mihogo huku akigombana na mtu. Sasa mkono wake uliotoka nje ya shuka ulikuwa kama mpini wa mwiko.

Nilimpeleka kituo cha afya, "sante" kama wanavyosema hapa. Muuguzi akampima, akampima tena, kisha akaniita kando.

"Malaria hakuna. Damu si mbaya. Huyu anatakiwa kula, basi. Asipokula, mimi sina kidonge cha kumpa."

"Na akiendelea hivi?"

Aliangalia kadi ya mama, si mimi. "Hawezi kuendelea hivi muda mrefu," alisema.

Tulirudi nyumbani polepole, mimi nikimshika kiwiko, yeye akisimama kila baada ya nyumba mbili. Nikamlaza. Nikamuuliza, kwa sauti ile ya kipumbavu tunayoitumia kwa wagonjwa, mama yangu anataka kula nini.

Alifikiri muda mrefu, nikadhani amelala.

"Labda kiboga," alisema.

Neno moja hilo, nililishika kama mtu anayezama anavyoshika nyasi.

Viboga katika ukoo wetu si mboga tu. Nimekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, na nyuma ya nyumba yetu ya udongo baba alipanda viboga vidogo, aina ambayo hata kikikomaa hakizidi ngumi mbili. Hapa wanaita umwungu. Vilipanda ukuta, vikapanda paa, mwaka mmoja vikapanda kamba ya nguo. Tuliporudi Burundi, wengine walibeba mabati na milango. Baba alibeba hayo pia, lakini mbegu za viboga alizishonea kwenye pindo la shati. Yeye alikuwa mtu wa Makebuko, mkoani Gitega, ila tulikuta shamba la ukoo lina watu wengine na migomba yao imeshazaa. Mwisho wa mizunguko yote akaangukia Muyinga, kwenye kipande cha ardhi kisichotosha kugeuza ng'ombe. Kitu cha kwanza alichopanda ni viboga.

Sasa kiangazi kilikuwa kimeanza. Nyuma ya jiko mama alikuwa na shina moja lililobaki hai kwa maji ya kuoshea vyombo. Nilikwenda nikaangalia, nikarudi kumwambia: viko vinne.

"Umevihesabuje?" akauliza.

"Kwa macho na kidole, mama, kama watu."

"Kidole! Kiboga hakinyooshewi kidole, kinaoza. Kinyooshee ngumi. Shule hawakuwafundisha kitu." Akafumba macho, amechoka kwa maneno hayo machache. "Na ukitaka kuchuma, jaribu ukucha. Ukucha ukiingia, pika. Ukikataa, acha."

Nilisema ndiyo, ndiyo, huku nafikiria sufuria.

Siku ya kwanza nilipika ile njia ya mama mwenyewe, ambayo hata mtoto anaiweza. Maharage yakikaribia kuiva, unaosha kiboga bila kukimenya, unakiweka kizima juu ya maharage, kikonyo juu, unafunika kwa jani la mgomba na kifuniko. Hukorogi. Kinaiva kwa mvuke wa maharage, na ukikipasua kinatoa utamu ambao hujauweka. Nilimpelekea kipande. Alikitia mdomoni, akatafuna mara mbili, kisha akakitoa taratibu kwenye kiganja na kunikabidhi.

"Ni kizuri," alisema. "Kula wewe."

Siku ya pili nikakata kingine nusu mwezi nusu mwezi, nikakaanga kitunguu na nyanya kwa mawese, nikatupia ndagala wachache, dagaa wa ziwani, na pilipili moja nzima isiyopasuka, kwa ajili ya harufu. Jirani aliacha cherehani akaja mlangoni.

"We papa, unapika nini? Harufu iko mpaka barabarani! Mke wako anajua iko na bahati?"

"Anajua. Ananiambia kila mwaka."

"Mi bwana wangu, hata maji anachoma."

Mama alisikia yote hayo. Zamani angeingia katikati ya utani huo na kutushinda wote wawili. Alisema tu harufu ni nzuri, akageukia ukutani.

Siku ya tatu nikajaribu njia ya baba. Baba hakuwa mpishi, ila kambini, kuni zikiwa haba, alikuwa anafukia kiboga kwenye majivu ya moto wa mtu mwingine. Unakitoboa kwa kisu mara tatu nne, unakifukia, unaenda kupiga soga. Ngozi inaungua nyeusi, ndani kinabaki kama siagi. Sharti ni hilo moja tu la kukitoboa. Mimi nikasahau. Nilikuwa nimeinama kupuliza makaa kiboga kilipopasuka, nikaja kujikuta nimekaa chini, nyusi zina majivu, mbegu moja imenata kwenye pua. Nikaenda hivyo hivyo mbele ya mama. Makusudi kabisa. Nilisimama pale kama kinyago, nikingoja acheke.

Mama yangu alinicheka nilipofeli hesabu, alinicheka nilipoanguka na baiskeli ya mchungaji, alinicheka siku ya harusi yangu kanisani kwa sababu ya viatu. Siku hiyo aliniangalia, akasema, "Pole, baba," akafumba macho.

Ndipo nilipoogopa kweli. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikanawa uso, na sikutoka huko haraka.

Siku ya nne nikaponda kiboga cha mwisho kwa karanga zilizotwangwa, laini, kama wanavyompa mtoto anayeachishwa ziwa. Nikamshika kichwa, nikamletea kijiko. Akafunga mdomo.

"Kimoja tu, mama."

"Mimi si mtoto."

"Basi kula kama mtu mzima!"

Nilipaza sauti. Cherehani ya jirani ilinyamaza upande wa pili wa ukuta. Chozi lilimtoka jicho moja, la upande wa juu, likavuka pua na kuingia kwenye jicho lingine, kwa kuwa alikuwa amelala kiubavu. Niliweka bakuli chini. Mke wangu alipopiga simu kuuliza mgonjwa anaendeleaje, nilimwambia vizuri. Akaniuliza, "Vizuri kama vizuri, au vizuri kama zile redio unazosema kesho zitakuwa tayari?"

Siku ya tano nilikwenda soko la Muyinga, mimi ambaye hata soko la Gitega nalijua kwa kusimuliwa. Nilizunguka nikikanyaga vitu vya watu. Kulikuwa na maboga makubwa ya kukata kwa shoka, mchicha wa lengalenga, mbilingani chungu. Viboga vidogo hapana. Mama mmoja muuza mboga akanicheka: "Umwungu saa hii? Papa, ungekuja wakati wa mvua." Nikarudi mikono mitupu. Mama alikuwa hajagusa hata chai. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na nilipomwita aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka alikokuona.

Nikatoka nyuma, nikalifuata lile shina kwa magoti, nikiinua jani moja moja. Na pale mwisho kabisa, chini ya ua wa miti, ndani ya majani makavu, nikakiona cha tano. Kizuri, cha mviringo, rangi imegeuka kuwa ya shaba. Kwenye kikonyo chake kulikuwa na kitambaa cha mistari ya buluu kilichofungwa fundo mbili.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kitambaa nikadhani cha kuzuia shina lisivutwe na mbuzi. Nilikikata kwa kisu. Kisha nikakumbuka agizo, nikajaribu ukucha.

Ukucha haukuingia. Nikajaribu wa gumba. Nao ukateleza kama juu ya kioo. Sasa msomi akasimama pale, akajadiliana na nafsi yake, akafikia uamuzi: ni kucha zangu. Zimelegezwa na nyaya za redio. Za mtu wa shamba zingeingia. Nikakichuma.

Kisu nacho hakikuingia. Niliazima panga kwa jirani. Ndani mlikuwa na nyama ya rangi ya machungwa, na mbegu nene, nyeupe, zimejaa kama meno ya mtu mwenye afya. Utumbo wake nikautupa kwenye shimo la taka. Mbegu nikazioshaosha, nikazitia juu ya kifuniko cha sufuria, nikazinyunyizia chumvi, nikazikaanga. Sikuwa nimekula tangu asubuhi, na mwoga hula akiwa na wasiwasi kama wengine wanavyovuta sigara. Nilipika kiboga kwa maji kidogo huku natafuna. Kilichukua muda mrefu ajabu kuiva. Nilimaliza mbegu zote.

Nilipoingia na bakuli, mama aliangalia vile vipande muda mrefu.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Nyuma. Kilijificha kwenye ua."

"Kilikuwa na kitambaa?"

"Kilikuwa nacho. Nilikikata."

"Ulijaribu ukucha?"

"Nilijaribu."

"Ukaingia?"

Redio ya mtu fulani ilikuwa inaimba mbali, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikatamani niwe nje, njiani, popote.

"Haukuingia, mama."

"Ukakichuma." Halikuwa swali. "Mbegu ziko wapi?"

Ningeweza kudanganya. Lakini chumvi ilikuwa bado iko kwenye midomo yangu, na yeye alikuwa anaitazama.

"Nimezila."

"Zote?"

"Nilizikaanga."

Halafu akaniambia, si kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira. Kila mwaka tangu kambini baba alichagua kiboga kimoja, kizuri kuliko vyote, akakifunga kitambaa ili mtu yeyote asikiguse, wala njaa, wala mgeni. Kilikaa kwenye shina mpaka kikauke, na mbegu zake ndizo zilizopandwa mvua ilipoanza. Hakuweka akiba nyingine, kwa sababu alisema mbegu ya zamani huwa mvivu kama mwanawe. Kile kilikuwa cha mwisho alichokifunga kwa mkono wake. Kitambaa ni cha lile shati. Lile la pindo.

"Nilikuwa nakingoja kikauke," alisema. "Nilikuwa nasema kikikauka..." Hakumaliza. Mimi nilimmalizia moyoni na ilinitosha. Siku zote hizo alikuwa amelala pale akingoja kitu, na mimi nimekila na chumvi.

Kisha akatupa shuka pembeni, akashusha miguu sakafuni.

"Mama, utaanguka."

"Utumbo wake umeutupa wapi?"

"Shimoni. Lakini mama..."

"Nipishe."

Alitembea kwa kushika ukuta, kisha mlango, kisha bega langu, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine pale cha kushika. Tulipofika shimoni, kuku watatu wa jirani walikuwa wameshafika kabla yetu. Sijui mama alitoa wapi ile sauti. Jirani alitoka mbio, kipande cha kanga begani na uzi mdomoni, akadhani kuna msiba.

"Kuku zangu zimefanya nini?"

Nikamweleza. Aliniangalia kuanzia miguuni kwenda juu.

"We papa ulikula mbegu ya marehemu? Na chumvi?" Akawageukia kuku. "Na nyie mnamsaidia? Alors mi nitachinja, tutafute ndani ya tumbo!"

"Usichinje," mama alisema. "Mchinje huyu."

Nilimtazama mama haraka. Uso wake haukucheka. Lakini maneno yalikuwa yake.

Tulikaa chini watatu, jua la alasiri mgongoni, tukavuta nyuzi za utumbo wa kiboga kutoka kwenye majivu na maganda ya mihogo, tukizipapasa kidogo kidogo kwa vidole. Mbegu zilizokuwa zimenata kwenye nyuzi ndizo tu zilizonusurika na kifuniko changu. Nilipata moja nikapiga kelele kama mtu aliyepata dhahabu. Mama akaibonyeza kati ya vidole viwili, akaitupa. Tupu. Jirani akapata mbili. Tupu moja. Mama alikuwa anahema, jasho limemtoka kwenye mdomo wa juu, lakini nilipomwambia apumzike alinisukuma mkono. Mpaka kivuli cha jiko kinatufikia tulikuwa tumepata nne zenye kiini. Nne. Mama alizifuta moja moja kwa pindo la kitenge na kuziweka juu ya goti.

"Nitazipanda mimi," nilisema. "Mvua ikianza tu nakuja. Naapa."

Jirani aliinama kutafuta kitu chini ambacho hakikuwepo.

"Wewe," mama alisema.

"Mimi."

"Utazipanda na chumvi?"

"Nifundishe, basi."

Aliangalia mbingu, ambayo haikuwa na wingu hata la kutania, kisha nikaona kidole gumba chake kinagusa vidole vingine, kimoja baada ya kingine, taratibu. Alikuwa anahesabu miezi hadi mvua. Na nilijua hasa ni hesabu gani, kwa sababu mimi pia nilikuwa naifanya tangu nitoke kwa muuguzi: miezi upande mmoja, ule mkono wa mpini wa mwiko upande mwingine. Haikulingana. Alihesabu, akaniangalia, akahesabu tena, akaniangalia tena, mimi na majivu yangu na kucha zangu za redio. Sijawahi kuangaliwa hivyo. Ni macho ya mtu aliyetaka kusafiri, akagundua anayemwachia nyumba ni mwehu.

"Hicho kiboga kiko wapi?" aliuliza.

"Kipi?"

"Ulichokiua."

Nikakimbilia ndani, nikarudi na bakuli. Kilikuwa kimepoa, kina nyuzi, kigumu pembeni na kimeungua chini. Katika njia zote nilizojaribu ile ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, na simshauri mtu. Mama alishika kijiko mwenyewe. Akatia mdomoni, akatafuna muda mrefu kama mtu anayetafuna kandambili, na mimi nikangoja kiganja chake kifunguke kunirudishia.

Akameza.

Jirani aliondoka kimya kimya akiwafukuza kuku wake mbele, na sikusikia cherehani ikianza. Mama alikula kijiko cha pili, akapumzika. Kijiko cha tatu kilimchukua muda hadi nikadhani amesahau. Zile mbegu nne hakuziachia mkono wa kushoto.

"Ni kibaya?" nikauliza.

"Sana."

Kisha akakunja ule mkono wenye mbegu na kunyoosha ngumi kuelekea bakuli, kama mtu anayeonyesha kitu asichotaka kioze.

"Na hakina chumvi," alisema. "Yote umeimalizia kwenye mbegu?"

Nilikwenda kugonga kwa jirani kuomba chumvi. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kijiko cha chumvi tayari mkononi.